Ng'ombe Aligeuza Shingo

Adela mwanangu,

Nimekaa hapa nje kwenye kreti la soda, mgongo nimeuegemeza ukutani, na nakusikia humo ndani ukibishana na mama yako. Anataka ubebe ndizi hadi Kigali. Unamwambia, "Mama, Kigali ndizi zipo." Anakujibu, "Zipo, lakini si hizi." Utashindwa. Mimi nimebishana na mama yako kuhusu ndizi tangu kabla hujazaliwa na sijashinda hata siku moja.

Mambo ya kuchemsha maji, ya kufuli la begi, ya kutomwazima mtu simu ndani ya basi, ameshayasema yote, tena zaidi ya mara moja. Mimi nimebaki na jambo moja ambalo nimeshindwa kulisema mezani. Kesho pale stendi nitagombana na makondakta kuhusu begi lako, nitapiga kelele, nitacheka, basi litaondoka, nami nitakuwa sijasema kitu. Najijua. Kwa hiyo nitakutilia bahasha hii mkononi. Usiifungue mapema. Ukishaipita Singida, utaona basi linaanza kuteremka mlima wa Sekenke, na bonde limefunguka chini mbele yako. Hapo ndipo usome, maana hapo ni Iramba, kwetu, na sijawahi kukupeleka.

Mwandiko univumilie. Niliishia darasa la tano.

Jambo lenyewe ni lile neno nililokuambia siku ile tunakula, kwamba ufute. Nataka nilirudie kuanzia mwanzo, kwa sababu nadhani hukuelewa kwa nini nililisema, na mimi mwenyewe nimeelewa leo tu.

Ulipoanza kazi ya mapokezi kule hosteli ya watalii, ulikuwa unarudi jioni unatuigizia wageni wako. Wameshuka mlimani, miguu inawauma, wamejaa sebuleni kila mtu na simu yake, na kila anayeinua uso anakuuliza swali lile lile la mwenzake wa jana. Mbona huku watu wanasalimiana muda mrefu hivyo? Mbona nimeletewa chakula na sikuomba? Hiyo shikamoo namwambia nani? Ukasema, "Baba, kama macho yao yamo kwenye simu, basi nitawafuata humo humo kwenye simu." Nikacheka. Sikujua kwamba mchezo wa simu ni kitu ambacho mtu anaweza kukitengeneza akiwa hapa mtaani kwetu Pasua, nyuma ya pazia, redio ya jirani ikipiga kelele ukutani. Nilidhani michezo hiyo huja ndani ya simu kutoka huko zinakotengenezwa, kama betri.

Ukautengeneza, ukauita Hodi. Mgeni anateremka kwenye ndege, anapanda Kibosho kwa miguu, nyumba hadi nyumba, na kila mlango una jambo la kujifunza. Akishajifunza, naye anaulizwa: kwenu mnafanyaje? Anaandika, na wageni wengine wanasoma. Mimi nilikuwa mtu wa kwanza kuucheza, kwa vidole hivi vya kubebea magunia ambavyo vikitaka kugusa kimoja vinagusa vitatu. Juu ya kioo kulikuwa na mioyo mitatu. Nikaingia nyumba ya kwanza bila kubisha, moyo ukapasuka. Nikamsalimia bibi "mambo," wa pili ukapasuka. Wa tatu sijui nilikosea nini, nadhani nilikataa chai. Nikarudishwa uwanja wa ndege.

Nikajaribu tena, nikarudishwa tena. Wewe na mama yako mlikuwa mmelala mkekani kwa kicheko. "Baba, umeishi hapa miaka yote hii na bado unafukuzwa!" Nami nikasema, kwa hasira ya utani, "Kama Kibosho ingekuwa na mioyo mitatu, ningerudishwa Iramba siku ya kwanza, na wewe usingezaliwa."

Wewe uliacha kucheka. Ukaniuliza, "Kwani siku ya kwanza ulifanya nini?" Nikakusimulia, kwa kuwa jioni ile nilikuwa na furaha. Ila nilikusimulia kwa kukuchekesha tu. Acha nikuandikie ilivyokuwa.

Nilitoka Iramba kijana, juu ya lori la vitunguu, kazi yangu kupakia na kushusha. Tulipofika Mabogini nikakuta watu wanapandikiza mpunga, nikabaki. Unakaa ndani ya maji mpaka magotini, mgongo umeinama tangu jua linatoka, na jioni mbu wanakusubiri kama wadai. Homa ikanipiga, nikapona, ikanipiga tena. Mwenzangu mmoja akaniambia kwamba huko juu Kibosho kuna mjane, Mama Severina, anatafuta mtu wa kumkatia ng'ombe majani, na kwamba mbu wa Mabogini hawajui njia ya kupanda kule. Nikapanda.

Kwetu, Adela, ng'ombe huenda kwenye majani. Kibosho nikakuta majani ndiyo huenda kwa ng'ombe. Mama Severina alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, amekaa ndani ya banda kama mgonjwa wa kutembelewa. Akanipa mundu na kamba, akasema, "Kata majani, jaza mzigo," akaenda zake kanisani. Sikuuliza majani gani. Mtoto wa wafugaji aulize majani!

Nikazunguka kihambani, ndani ya migomba na kahawa, nikaona kila mahali pameshakatwa, nyasi fupi kama kichwa cha askari. Ila mwisho wa shamba kulikuwa na mstari wa majani marefu, mabichi, yamesimama wima kwa utulivu, na hakuna mundu ulioyagusa. Nikashangaa uvivu wa watu wa huku. Nikaanza upande mmoja nikamalizia upande wa pili. Nilifunga mzigo mkubwa, nikaubeba kwa kujisifu, nikamwaga mbele ya ng'ombe.

Ng'ombe akanusa. Akageuza shingo.

Nikamsogezea. Akageuza upande wa pili. Nikamwambia kwa Kinyiramba kwamba ana maringo.

Ndipo watoto waliokuwa wanatoka shule wakapita, wakaona. "Amekata masale! Jamani, amekata masale!" Walikimbia wakipiga kelele kama watu walioona nyumba inaungua. Wewe umezaliwa ukijua kwamba masale ndiyo mpaka, kwamba babu wa babu aliyapanda na hakuna anayeyagusa hovyo. Mimi niliona majani. Ng'ambo ya mstari ule kulikuwa na kihamba cha Mzee Kalisti, babu yako. Akatoka, akasimama, akaangalia visiki toka mwanzo hadi mwisho. Hakusema neno. Akarudi ndani. Nimepigwa fimbo maishani mwangu, lakini kimya kile kilinitisha zaidi.

Mama Severina aliporudi alishika kichwa. Akaniambia, "Kijana, umekata mpaka. Nenda kwa mzee ukaombe msamaha. Na huku mtu haendi na mdomo mtupu. Unapeleka jani la isale, na anayepelekewa hawezi kukataa." Mimi nikatii mbio mbio. Nikatafuta isale, karibu yote yalikuwa bandani yamekanyagwa na ng'ombe. Yalikuwa yamesalia machache upande wa mzee. Nikachuma hapo. Nikabisha hodi, nikainama, nikampa kwa mikono miwili jani nililolitoa kwenye mpaka wake mwenyewe.

Aliangalia jani. Akaniangalia mimi. Akaangalia mpaka. Ndani ya nyumba nikasikia msichana anacheka mpaka anakohoa.

Yule msichana ndiye anayekufungia ndizi sasa hivi.

Mzee alilipokea jani, hakuwa na njia nyingine. Akasema, "Kesho uje na jembe." Nikaenda, nikawakuta wawili, yeye na Mama Severina, wamesimama kila mmoja upande wake, wananionyesha pa kuchimba. "Hapa." "Hapana, sogea kidogo." "Hapo hapo." Nikapanda vipande vyote upya, na siku zilizofuata nikawa nateka maji mfereji kuvimwagilia mpaka vikashika. Na kila nilipokuwa pale, msichana yule alipita na ndoo yake, anauliza, "Yanaendeleaje, Masale?"

Hivyo ndivyo nilivyopata mke, na hivyo ndivyo nilivyopata jina. Mke nilimpenda. Jina lilinishinda.

Mwanzoni nilicheka nao. Lakini jina lilikua. Shemeji zangu waliniita Masale, wazee kilabuni wakinisogezea kata ya mbege waliniita Masale, na siku ya harusi yetu msemaji aliisimulia hadithi nzima huku anaigiza ng'ombe. Watu walifurahi. Mimi nilisikia kitu kingine ndani ya kile kicheko. Nilisikia: huyu wa kuja, huyu asiyesoma, huyu asiyejua kutofautisha nyasi na mpaka. Hakuna aliyesema hivyo. Nilijisemea mwenyewe, kila siku, kwa sauti yao.

Ulipokuwa unaanza kutembea nikamwambia mama yako kwamba kazi ziko mjini, tuteremke. Haikuwa kweli. Kazi ya Pasua ilikuwa kushusha magunia sokoni, na msimu ukifika kurudi kulekule Mabogini kwenye maji. Ilikuwa ngumu kuliko ya Kibosho mara nyingi. Lakini Pasua hakuna aliyenijua. Niliuchukua mgongo wangu, nikaulipisha gharama ya kulikimbia jina. Na wewe ukakua unapanda kwa babu yako Krismasi hadi Krismasi, umevaa viatu vipya, kama mtalii.

Hilo ndilo linaloniuma, mwanangu, kuliko masale. Masale yalishika. Asubuhi zako za kukaa na babu kwenye kahawa hazikupandwa upya na mtu.

Sasa turudi mezani. Uliweka simu mbele ya sahani yangu, uso wako unang'aa. Ulikuwa umeitoa mioyo mitatu. Badala yake ulikuwa umeweka mtu mwembamba mwenye kofia, ana mzigo wa majani kichwani, anaingia Kibosho asijue lolote. Mchezaji ndiye mtu huyo. Anakata asichotakiwa kukata, na kuanzia hapo mchezo haumrudishi uwanja wa ndege. Unamfungulia milango. Lazima aulize, lazima angoje, lazima apande, na majirani wanampa neno moja kila siku. Ulisema wenzako wa Kigali, wale watatu wanaotaka kuifikisha Hodi nchi nyingine, walipoona kipande hicho ndipo walipokuandikia uende ukafanye nao kazi mwaka mzima. Wao watatafuta mtu wa namna hiyo kila nchi, mgeni aliyekosea akapokelewa, ila wa kwanza awe huyu wa kwako. Ulisema, "Lakini sitautoa bila wewe kukubali, Baba. Hadithi ni yako."

Mimi sikusikia lolote kati ya hayo. Niliisikia ile sauti ndogo ya watoto uliyoiweka. "Amekata masale!" Nilikuwa nimewakimbia wale watoto miaka yote hiyo, na sasa wamenikuta mezani kwangu, wametoka kwenye simu ya binti yangu. Nikasema, "Futa. Mimi si katuni wa Wazungu."

Ukasema, "Baba, siyo ya kukucheka."

Nikasema, "Basi futa."

Ukajibu, "Sawa, Baba," ukaigeuza simu kifudifudi, ukaendelea kula. Ungenijibu kwa hasira ningelala vizuri. Ulinijibu kwa heshima, nikakosa pa kushika.

Siku zile zilizofuata hukunung'unika. Uliwaandikia wenzako kwamba utafika mikono mitupu na mtaanza upya pamoja. Mimi niliyajua hayo kwa mama yako, maana yeye hakunipa heshima hiyo. Alinikabili nikiwa navua viatu. "Baba Adela, bado unawakimbia wale watoto? Wameshaota vipara, wengine wana watoto wakubwa! Mtoto wako anaondoka bila kitu alichoitiwa, kwa sababu ya watu wenye vipara." Nikamwambia hanielewi. Akasema, "Nimekuelewa tangu siku ya jani. Kwani unafikiri nilikuwa nacheka nini? Nilimwona mtu ameogopa mpaka anatetemeka, na amekuja hivyo hivyo. Kwetu wavulana walikuwa wanatuma shangazi." Akaniacha na viatu vyangu.

Halafu kuna lile la chungwa. Sijui kama unakumbuka. Kabla ya yote haya kuharibika ulikuwa unatusomea majibu ya wageni, kwenye ule mlango wa Hodi unaouliza, kwenu mnaombaje msamaha? Mmoja aliandika kwamba baba yake hajawahi kutamka samahani maishani. Wakigombana, anamenya chungwa, anatoa hata zile nyuzi nyeupe, analiweka kwenye kisahani mlangoni kwa binti yake, anaondoka. Ulitafsiri ukapita kwenda kwa mwingine. Mimi sikupita. Nimemfikiria mzee yule sokoni, nimemfikiria tukiwa tunashusha viazi. Simjui, sijui hata nchi yake iko upande gani wa dunia, lakini najua anavyolishika lile chungwa. Juzi nilipokaa kushona mkanda wa begi lako, ambao haukuwa umekatika sana, nilijiona ni yeye.

Kazi yako imenifanyia hilo, Adela. Nilidhani unawafundisha wageni kutujua sisi. Kumbe na mimi, mbeba magunia wa Pasua, umenikutanisha na mtu wangu wa mbali. Asante.

Na siku ile uliniuliza, "Na wewe Baba, kwenu?" Nikasema sikumbuki. Nakumbuka. Sijui Wanyiramba wengine walifanyaje, lakini baba yangu akikosana na jirani, aliamka mapema akaenda kumfungulia ng'ombe wake zizini, akawachunga kutwa nzima pamoja na wa kwetu. Jioni anawarudisha wameshiba. Hakuna aliyezungumza. Andika hilo kwenye mchezo ukitaka. Ulikuwa hujui jambo hata moja la kwetu, kwa sababu nilidhani hakuna linalokufaa.

Leo nilikuaga kwamba naenda kwenye kibarua. Sikwenda. Nilichukua simu ya mama yako, ambayo uliwahi kumwekea ule mchezo na ukasahau kuutoa, nikapanda Kibosho. Niliona kama nusu ya hadithi ni ya babu yako, na sikuwa nimemuuliza.

Nilimkuta anapogolea kahawa, taratibu, tawi moja, anapumzika.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Leo umekuja kukata nini?"

Husema hivyo kila nikienda. Kila mara mimi hutabasamu kwa mdomo tu. Leo nilicheka kweli, naye akashangaa, akaweka mkasi chini.

Nikamweleza. Nikamwonyesha. Akavaa miwani, akashika simu mbali na uso kama mtu anayesoma kibao cha barabarani. Mtu mwembamba akapanda Kibosho, akakata, watoto wakapiga kelele, babu yako akacheka mpaka miwani ikateleza. Kisha mtu mwembamba akamwaga mzigo mbele ya ng'ombe, na ng'ombe akala.

Mzee akaacha kucheka.

"Huyu ng'ombe wa nani?"

"Ni wa Mama Severina, Baba."

"Ng'ombe wa Severina hakula. Alinusa, akageuza shingo. Nilisimuliwa na Severina mwenyewe, Mungu ampumzishe. Mwambie Adela, katika kihamba kizima siku ile, mwenye akili alikuwa ng'ombe. Sasa mnamfanya naye mjinga?"

Nikasema nitakuambia. Nikamuuliza, "Na hayo mengine, Baba? Huoni vibaya watu waone mpaka wako ulivyokatwa?"

Akakaa kwenye kigogo, akanionyesha na mimi nikae. Akasema, "Wewe ulinikatia nini, Masale? Mimi na Severina tulikuwa hatusalimiani. Aligombana na marehemu mke wangu juu ya mpaka ule ule, kila mtu anasema mwenzake amesogeza. Kanisani alikaa upande wa kulia, sisi kushoto. Ulipoyafyeka yote, ikabidi tusimame wawili pale kukuonyesha pa kupanda. Tungekuonyeshaje bila kusemezana? 'Hapa.' 'Hapana, sogea kidogo.' Tulipomaliza, mpaka ulikuwa umekubaliwa na ugomvi hatuuoni." Akanipiga gotini. "Ungekuwa na akili siku ile, tungekufa hatusemezani."

Nikamuuliza, "Baba, mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nakuita kwa jina hilo kila siku. Ulidhani nakutukana?"

Ndiyo, Adela. Ndivyo nilivyodhani. Nimelibeba jina hilo kama gunia, kumbe nilikuwa napewa asante.

Sasa nimefika mahali pa kukupa ushauri, na nina huu mmoja tu, maana mwingine sijauhakikisha. Kigali wewe ndiye utakuwa wa kuja. Utawatengenezea wageni mchezo huku mwenyewe ukiwa mgeni, na nadhani ndiyo maana utautengeneza vizuri. Utakata masale ya watu wa huko. Sijui masale yao ni yapi, na wewe hutajua mpaka uwe umeshayakata na watoto wanapiga kelele. Watakucheka. Watakapokucheka, ngoja kidogo kabla ya kuamua ni kicheko gani. Mimi niliamua siku moja, nikakaa na uamuzi huo nusu ya maisha, na haukuwa hata sahihi.

Hofu uliyonayo naijua, nimekuona unavyokunja nguo ile ile mara kwa mara. Nenda nayo. Mama yako alimpenda mtu anayetetemeka.

Nashukuru kwamba hukufuta. Mama yako ameniambia. Ulisema "sawa, Baba," ukauweka pembeni, ukangoja. Hukuutumia bila mimi na hukuutupa. Aliyekufundisha subira hiyo si mimi, labda ni damu ya babu yako. Nashukuru kwamba uliniuliza maswali ya kwetu hata nilipokuwa sijibu. Nashukuru ng'ombe wa Mama Severina, na lile lori la vitunguu, na homa ya Mabogini iliyonipandisha mlimani. Sikujua kama siku moja nitaishukuru homa.

Kabla ya kuondoka nilimwomba babu yako jani la isale. Akasema, "Yapo, chuma." Nikamwambia, "Hapana, Baba. Nionyeshe ni lipi." Akainuka na fimbo yake, tukaenda hadi mpakani. Yamekuwa marefu kunipita. Akachagua mwenyewe, akalifunga fundo, akaniuliza, "Unampelekea nani?"

"Adela."

"Mzazi anampelekea mtoto?"

"Nilimwambia neno baya."

Akasema, "Haya. Jani haliulizi umri."

Limo humu ndani ya bahasha. Litakuwa limenyauka kidogo kwa joto la basi, usilitupe. Wewe ni mjukuu wa Kibosho, unajua hutakiwi kulikataa. Naomba unisamehe kwa neno "futa," na kwa Krismasi zote zilizokuwa fupi.

Mchezo ni wako, na hadithi nimekupa. Waonyeshe wenzako yule mtu mwembamba, mwache na kofia yake na mzigo wake, na watoto waache wapige kelele zote wanazotaka. Mwite Masale, ndilo jina lake. Akifika mgeni kutoka popote, amcheke mpaka achoke, halafu apande naye yale majani hadi yashike.

Mama yako anatoka nje sasa, amebeba kikapu cha ndizi. Umeshindwa, kama nilivyosema. Ukitazama dirishani hapo ulipo sasa, huko chini bondeni utaona ng'ombe wanatembea wenyewe kwenda kwenye majani. Wasalimie.

Ila yule wa Mama Severina, mwanangu, mgeuze shingo.

Baba yako